Maswali Ninayoulizwa Sana Kuhusu Riwaya za Vijana

Naandika riwaya za vijana kwa Kiswahili na naishi Tudor, Mombasa. Kila nikialikwa shuleni hurudi nyumbani na mfuko wa vikaratasi vilivyokunjwa mara nne, maana mtoto wa sekondari hathubutu kusimama mbele ya wenzake akauliza anachotaka kujua hasa. Maswali mengi ya hapa yametoka kwenye vikaratasi hivyo. Mengine ni ya wazazi na walimu, na machache ni ya jamaa zangu wasioamini bado kwamba hii ni kazi.

Riwaya ya vijana ni nini? Si hadithi ya watoto iliyorefushwa?

Hapana. Mhusika mkuu ni kijana wa miaka kama 13 hadi 18, na mambo tunayaona kwa macho yake, yanapotokea. Hilo la pili ndilo zito. Mzee akikaa barazani akasimulia ujana wake, hiyo ni riwaya ya watu wazima hata kama mhusika ana miaka 15, kwa sababu msimulizi anajua yaliishaje. Kijana wangu hajui. Akishikwa na simu darasani, kwake hicho ni kiyama, na mimi sina ruhusa ya kumnong'oneza msomaji kwamba yatapita.

Nikisema riwaya zangu ni za uhalisia, maana yake hakuna anayeokolewa na muujiza. Jini anaweza kutajwa, kwa sababu nyumba nyingi za hapa bibi akiumwa kichwa jini hutajwa, lakini jini hatalipa karo ya mtu.

Ulianzaje?

Nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Mchana najaza fomu za forodha, nafuatilia kontena lililokwama Kilindini, napigiwa kelele na mwenye mzigo. Usiku naandika. Kitabu cha kwanza kilijaa madaftari manne ya kurasa 200, kisha nikampa mpwa wangu achape kwa malipo ya chakula cha mchana cha wiki nzima. Alikula vizuri kuliko alivyochapa.

Mchapishaji wa kwanza alikaa kimya miezi 14, kisha akajibu kwa barua ya mistari sita. Hadithi ni nzuri, alisema, ila niitoe Mombasa niiweke "mji wowote", ili mwanafunzi wa bara asijione mgeni. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikaupeleka mswada kwingine. Mimi nimesoma vitabu vya bara tangu nikiwa na miaka saba, vyenye baridi ya asubuhi na majani ya chai mlimani, na sikuwahi kufa kwa ugeni. Mchapishaji wa pili hakuuliza habari ya mji hata mara moja. Tangu nilipomkabidhi mswada mpaka nikakishika kitabu mkononi, ilikuwa miaka mitatu.

Anti, unapata pesa ngapi?

Swali hili huja kwenye kila mfuko, na mwandiko huwa mzuri kuliko wa maswali mengine. Basi tupige hesabu.

Tuseme kitabu kinauzwa dukani shilingi 500. Ndani yake mna kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vinalipa tangu sheria ya 2013. Ukiitoa, zinabaki kama 431. Tuseme duka na msambazaji wanachukua asilimia 35. Mchapishaji anabaki na 280. Mrabaha wangu, tuseme, ni asilimia 10 ya hizo, yaani shilingi 28. Halafu kuna kodi ya asilimia 5 inayokatwa kabla sijaziona. Zinanifikia karibu shilingi 27, na hulipwa mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo vitabu elfu moja ni shilingi 27,000. Ukitaka kuishi kwa hizo lazima uuze vingi sana, na Kenya vingi sana hununuliwa na shule. Shule nazo hutazama kwanza kama kitabu kimeidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala. Wale wachache ambao riwaya zao huteuliwa kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hao wanajenga. Sisi wengine tunafundisha, tunahariri, tunatafsiri. Ofisi ya mizigo niliiacha baada ya kitabu cha tatu, na mpaka leo kuna miezi naikumbuka mishahara ile kama mtu anavyomkumbuka mchumba.

Ni kweli kitabu chako cha kwanza kina kosa la maji?

Ni kweli. Walio na chapa ya kwanza wanaweza kuendelea kunichokoza.

Nilikuwa katika shule moja upande wa Likoni. Nimesoma kurasa mbili, wameniangalia kwa adabu, mwalimu amepiga makofi ya kwanza. Kijana mmoja wa nyuma, sweta kaifunga kiunoni, akanyanyua mkono.

"Anti, hapa umetudanganya."

Mwalimu akataka kumkalisha. Nikasema mwache.

"Hapa juu umeandika usiku huo kulikuwa na mwezi mpevu. Na jioni yake, saa kumi, wale wawili wakatembea mchangani mpaka kwenye mwamba."

"Ndiyo."

"Mwezi mpevu ni bamvua. Saa kumi maji yako ukutani. Hao wangekuwa washakufa."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nikiwa nimeiva uso. Mimi mzaliwa wa kisiwa! Babake ni mvuvi. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine: hujaa kama saa kumi na hupwa kama saa nne. Kila siku yanachelewa dakika hamsini hivi. Nikamuuliza, je, nikisogeza mbele wiki moja? Akatikisa kichwa. Wiki moja mbele saa kumi maji yatakuwa yametoka, sawa, lakini yatakuwa maji mafu, hayaendi mbali. Mwambani hawatafika.

Nilirudi nyumbani nikaketi na sura ile siku tatu. Maji yanayokauka mpaka mwambani yako saa nne asubuhi. Siku hiyo kitabuni ilikuwa Jumatano, na Jumatano yenyewe nilishaifunga na mambo ya sura nyingine. Saa nne ya Jumatano watoto wale wanatakiwa darasani. Basi ikabidi watoroke shule. Kutoroka kukaleta barua ya mwalimu mkuu, barua ikamtoa baba kazini, na baba, ambaye katika chapa ya kwanza alikuwa kivuli tu, akaingia kwenye hadithi akiwa na jasho na ovaroli ya bandarini na hasira ya mshahara wa siku uliokatwa. Hiyo sasa ndiyo sura ambayo watu huniambia waliisoma mara mbili. Imeandikwa na bamvua.

Kijana hatakwambia kwamba mandhari yako ni dhaifu. Atakushika uongo kwenye jambo dogo analolijua, nauli au saa ya maji, na tangu hapo hata ukimwambia la kweli kuhusu mapenzi au kifo hakusikilizi. Siku hizi kalenda ya mwezi iko ukutani juu ya meza yangu.

Mbona wahusika wako hawazungumzi Kiswahili sanifu? Mwalimu wetu anasema ni makosa.

Mwalimu wako ana mtihani wa kukupitishia, msamehe. Lakini si makosa, ni lahaja. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuamua ni Kiswahili kipi kiwe sanifu kwa Afrika Mashariki. Kikachaguliwa Kiunguja. Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Hapa hapa Mombasa. Tuliwapokea wageni nyumbani kwetu, wakaamua Kimvita, lahaja yetu, kikae uani.

Kwangu msimulizi husema Kiswahili cha vitabuni, na midomo ya watu husema chake. Bibi wa Mji wa Kale hasemi "mchele", anasema "mtele", na kwake mtu "yuwaja", si "anakuja". Katika kitabu cha pili bibi anamwita mjukuu: "Ndoo hapa," yaani njoo. Msahihishaji akaandika pembeni kwa wino mwekundu: ndoo ya nini, na mbona haijatajwa tena?

Ila si kila mtoto wa Mombasa ni mtoto wa Mji wa Kale. Msichana wa Mikindani ambaye mamake anasema Kitaita nyumbani na ambaye rafiki zake ni Waluo na Wakamba ana Kiswahili chake, na nikimtia "yuwaja" mdomoni nitakuwa nimemvalisha buibui la mtu. Kazi kubwa kuliko kuijua lahaja ni kujua nani anayo na nani hana. Sheng naitumia kama pilipili ya muhogo unaouzwa ufukweni Mama Ngina, maana neno la mtaani la mwaka huu, kitabu kikitoka, vijana watakuwa wanalisikia kwa wazazi wao.

Dada, binti yangu ana miaka 13. Vitabu vyako vinamfaa?

Kisome wewe kwanza, dada yangu. Si kwa sababu kuna la kuficha, bali kwa sababu akikuuliza swali uwe na jibu. Mimi huandika jambo lilitokea na nini kilifuata, kitanda sikionyeshi. Unga wa kulevya nautaja, muguka, yale majani ya kutafuna, nautaja, kwa sababu binti yako anaupita kituo cha matatu kila siku. Mei 2024 serikali ya kaunti iliupiga marufuku muguka na mahakama ikasimamisha marufuku hayo siku chache baadaye, na wiki ile nzima vijana hawakuwa na mazungumzo mengine. Nikiandika mtaa wa Kisauni usio na hata mtu mmoja anayetafuna, nitakuwa nimerudi kwenye kosa la maji.

Mzazi mmoja aliniambia simuni kwamba kitabu changu kimemfundisha mwanawe kusema uongo. Nilimuuliza ni uongo gani. Akasema: kwamba yuko maktaba. Tukanyamaza wote wawili, nadhani tukikumbuka tulikokuwa sisi tulipokuwa "maktaba".

Yule msichana aliyezaa akarudi shuleni: hiyo inawezekana kweli, au ni ya vitabuni?

Mhariri naye aliniuliza hivyo hivyo, akataka nimpeleke kwenye ushonaji. Sera ya kumruhusu msichana arudi shule baada ya kujifungua iko Kenya tangu 1994, na mwongozo wake ukatolewa upya 2020. Kwa hiyo kisera mlango uko wazi.

Lakini riwaya haiandikwi na sera. Nilikaa na wasichana kadhaa waliorudi, na hakuna aliyenizungumzia ruhusa. Walizungumzia saa kumi na moja alfajiri. Nani atambeba mtoto saa hiyo, mama akishatoka kwenda kufanya usafi hotelini, na nyanya hana macho ya kutosha kumwangalia anayetambaa? Mmoja alisema maziwa yalimtoka darasani kipindi cha hesabu akajifunika kwa sweta mpaka kengele, joto lote lile. Sikuitumia sweta yake, nilimwahidi. Ila muda ule wa alfajiri niliuweka, na kitabu kizima kikazunguka swali la mikono: iko mingapi ndani ya nyumba na inatoka saa ngapi.

Kwa nini kitabu chako kipya kinachelewa?

Kwa sababu ya Kidato cha Kwanza. Nicheke au nilie, sijui. Nilianza mswada nikiwa na mhusika anayeingia Kidato cha Kwanza, sanduku la chuma, godoro, mambo yote yale tunayoyajua. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023. Kidato cha Kwanza cha mwisho kikaingia Januari 2024. Mwaka 2025 hakikuwapo kabisa, na Januari 2026 wale wa mtaala mpya wakaingia Gredi ya 10. Mhusika wangu akawa hana darasa nchini Kenya.

Mtu akaniambia badilisha tu neno. Haibadiliki kwa neno! Mtoto wa Kidato cha Kwanza alikuwa na miaka 14 na ametoka shule ya msingi. Wa Gredi ya 10 ni mkubwa zaidi, ameshapita shule ya sekondari ya chini, amechagua mkondo wa masomo. Hofu yake ni nyingine. Nimeandika upya tangu mwanzo. Wenzangu wanaoandika habari za wafalme wa kale huwa nawaonea wivu, maana mfalme hahamishwi mtaala.

Miji nayo hufanya hivyo hivyo. Nilikuwa na mswada wenye mvulana ambaye lazima avuke Likoni na hana njia ila feri, na kucheleweshwa kwake ndiko kiini cha hadithi. Mwanzoni mwa 2021 likafunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni, watu wakavuka kwa miguu. Mswada ule uko kabatini.

Nina miaka 16, na sina kompyuta. Nitaweza?

Kuhusu umri: S. E. Hinton wa Marekani alianza kuandika *The Outsiders* akiwa na miaka 15, na kikachapishwa 1967 akiwa na 18. Wengi huona hapo ndipo riwaya za vijana za uhalisia zilipopata mwendo kule kwao, na aliyeandika alikuwa mwanafunzi aliyechoshwa na vitabu visivyofanana na shule yake.

Kuhusu kompyuta, nitakupa mtu wa hapa kwetu. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa. Mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973 na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Simtaji ili uone haya. Namtaja kwa sababu daftari la shilingi hamsini linatosha kwa rasimu ya kwanza, na rasimu ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi. Utakapohitaji kuchapa, mpwa wa mtu yupo.

Mambo ya karatasi: hakimiliki ni yako tangu unapoandika, na Kenya hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka ushahidi zaidi unasajili kwa Bodi ya Hakimiliki. Ukiwa chini ya miaka 18, mkataba atiae sahihi ni mzazi au mlezi, na asome, asiweke sahihi kwa furaha. Ukiamua kujichapishia, nambari ya ISBN inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Mchapishaji anayekuomba wewe pesa kisha anajiita mchapishaji wa kawaida, mkimbie.

Kuna tuzo za riwaya hizi?

Zipo. Ya Jomo Kenyatta ina kundi la vijana na hutolewa kwa Kiswahili na Kiingereza. Ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal, ni ya Kiswahili na hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, ingawa haikutengewa vijana. Mimi sijashinda yoyote. Nimevaa vizuri mara mbili.

Anti, una PDF?

Hapana. Na uliyonayo wewe, kwenye lile kundi la darasa, imepigwa picha na mtu mwenye kidole kikubwa, na ukurasa wa 88 hauonekani. Ukurasa wa 88 ndio baba anaingia.

Mwisho, alikwenda au hakwenda?

Hili ndilo swali linaloshinda yote kwa wingi. Wanaouliza wanajua nasema habari ya kitabu cha pili, na msichana anayesimama getini mwa feri na mkoba wake. Nimewahi kuulizwa Marikiti nikinunua bizari, na mwuza bizari akaacha kupima asikilize.

Sikuuacha mwisho wazi ili kuwatesa. Niliandika miisho miwili. Katika mmoja alivuka, katika mwingine alirudi kwa mamake. Nikawapa wasichana watano wa mtaani kwetu wasome yote. Waliosema avuke walikuwa watatu, na wawili wakasema arudi, na ubishi ulikuwa mkali mpaka chai ikapoa na mahamri yakabaki sahanini, kitu ambacho sijawahi kukiona nyumbani kwangu. Mmoja akasema, "Wewe waandika kama washajua. Pale getini hujui." Nikakata kurasa kumi na mbili za mwisho.

Kwa hiyo yuko pale bado. Ni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, watu wamesongamana nyuma yake, mama mmoja ana beseni la samaki na anamsukuma kwa kiwiko, na feri inakaribia lakini geti halijafunguliwa.